Kisiwa cha Saanane na Rai za Wanaokizuru

Ni miji michache katika Afrika ya Mashariki iliyojaaliwa kuwa na hifadhi ya taifa karibu na soko lake kama ulivyojaaliwa mji wa Mwanza; kwani mtu akitoka katikati ya mji na kuifuata njia ya Capri Point, ziwa likiwa ubavuni mwake na majabali yakiwa juu ya kichwa chake, hatembei sana kabla ya kufika mahali pa kupandia boti iendayo Saanane, na boti yenyewe, ikishaondoka gatini, haimpi hata wasaa wa kumaliza mazungumzo aliyoyaanza nchi kavu. Kwa sababu ya ukaribu huo, kisiwa hiki kidogo kimekuwa mahali pa tafrija pa wenyeji kwa muda wa zaidi ya nusu karne. Ndiko wanakopelekwa wanafunzi wa shule za msingi wakiwa wamepangwa wawili wawili na walimu wao, ndiko maharusi wanakokwenda kupigwa picha, na ndiko baba mwenye watoto wanne na fedha za watoto watatu anakoahidi kuwapeleka wote sikukuu ya Idi au ya Krismasi, kisha akakesha akipiga hesabu.

Mahali palipozoewa na watu namna hii hapakosi kusemwa, na Saanane panasemwa sana. Kila anayerudi ng'ambo hurudi na rai yake mintarafu ya jinsi kisiwa kinavyotunzwa na jinsi kinavyostahili kuwa miaka ijayo, na rai hizo, ukizisikiliza kwa makini, hazipatani hata kidogo. Mmoja husema kwamba amelipa kiingilio akaona pimbi na mawe tu. Mwingine husema kwamba hajapata kupumzika mahali popote kama alivyopumzika pale. Mmoja ataka bembea, michezo ya maji na muziki. Mwingine aapa kwamba siku itakapofungwa spika ya kwanza kisiwani ndiyo siku atakayokoma kwenda. Rai hizi husikika gatini, ndani ya daladala, na barazani penye kahawa, na kwa maoni yangu wengi wa wasemao wana haki, ila kila mmoja anakipima kisiwa kwa kipimo cha kitu kingine; na ili ijulikane kwa nini imekuwa hivyo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Kisiwa kimechukua jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo, ambaye alilipwa fidia na kuhamia kwingine ili mahali pake pageuzwe kuwa bustani ya wanyama. Hayo yalikuwa katika mwaka wa 1964, na bustani hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumilikiwa na serikali ya nchi yetu. Msomaji kijana huenda asitambue uzito wa jambo hilo. Miaka mitatu kabla, katika Septemba ya 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa tamko lake la Arusha juu ya wanyamapori (wala lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, ambalo ni jambo jingine kabisa), akiahidi mbele ya mataifa kwamba Waafrika watawatunza wanyama hawa kama amana. Walakini ahadi ya namna hiyo ni vigumu kutimizwa na watu ambao wengi wao hawajapata kumwona tembo isipokuwa katika picha ya kitabu, au usiku, akila mahindi yao. Mkulima wa Magu au mvuvi wa Ukerewe hakuwa na gari la kumfikisha Seronera, ijapokuwa Serengeti i jirani yake. Basi wanyama wakaletwa mjini, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa akija kwa shughuli zake.

Na walioletwa hawakuwa haba: nyati, pofu, swala pala, nyumbu, nyamera, kuro, pundamilia, nungunungu, dikidiki, tumbili, viboko, mamba, chatu, kobe, na hata tembo na faru weusi. Naomba msomaji aisome tena orodha hiyo huku akikumbuka kwamba hifadhi yote ya leo, maji yakiwemo, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18, na kwamba nchi kavu yake haifiki hata kilomita moja ya mraba, ilhali Serengeti peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000. Tembo, ambaye hula mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku, na ambaye mti ukimkera huung'oa, hawezi kuishi juu ya jabali dogo namna hiyo pasipo kuliangamiza, wala faru hana subira ya kupishana na wanafunzi katika njia moja. Si ajabu kwamba wakubwa hawa hawakudumu, na kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Saanane pakawa pia kituo cha kuwaweka kwa muda wanyama waliokuwa safarini kwenda Rubondo, kile kisiwa kikubwa cha upande wa kusini-magharibi ya ziwa ambako Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt aliwaachia huru sokwe waliotoka katika bustani za Ulaya, baina ya mwaka wa 1966 na 1969.

Katika mwaka wa 1991 kisiwa kikapandishwa daraja kuwa pori la akiba, na katika mwaka wa 2013 kikawa hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko hifadhi zote za nchi, chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Hapo ndipo penye kiini cha mzozo wa rai tunaouzungumza. Katika karatasi za sheria bustani ya wanyama ilikwisha. Katika mioyo ya watu wa Mwanza haikwisha. Hifadhi ya taifa ni mahali ambapo mnyama yuko kwake na binadamu ni mgeni aliyebisha hodi, ambaye huenda asimwone mwenyeji wake siku nzima na asiwe na la kusema. Bustani ya wanyama ni mahali ambapo mnyama amewekwa ili aonekane, na asipoonekana mgeni ana haki ya kuuliza alipo. Mzee aliyepelekwa Saanane na mwalimu wake miaka ya 1970 humpeleka mjukuu wake leo akiwa na taswira ile ya zamani kichwani, humsimulia njia nzima habari za wanyama wakubwa, kisha huona haya mjukuu anapoonyeshwa pimbi.

Na pimbi wenyewe, insafu ni kusema, si wa kudharauliwa. Asubuhi, jua likishapasha moto majabali, hutoka mipasukoni mmoja mmoja na kulala kifudifudi juu ya jiwe, wakubwa kwa wadogo wamebanana, na mmoja wao akiwa ameketi kando kwa zamu ya kuangalia angani kama furukombe anapita. Ile michirizi myeupe iteremkayo mawe, ambayo wageni wengi hudhani ni chokaa iliyomwagika, ni mkojo wao uliokauka, maana hawa ni wanyama wa desturi, na mahali walipojisaidia babu zao ndipo wanapojisaidia wao. Fauka ya hayo, wataalamu wa viumbe wamethibitisha kwamba miongoni mwa jamaa wa karibu wa pimbi, kwa meno na kwa nyayo na kwa mambo mengine ya ndani ya mwili, yumo tembo. Hata yule mjukuu aliyeahidiwa tembo akaonyeshwa pimbi hakudhulumiwa kabisa, bali aliletewa binamu. Juu ya jiwe hilo hilo utamwona mjusi dume mwenye kichwa, shingo na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu iliyokoza, akinyanyua kifua na kukishusha upesi upesi kumtisha mwenziwe. Na mjusi huyu wenyeji humpita kila siku bila ya kumtazama, wala hawajui kwamba tangu mwaka wa 1923 wataalamu wa dunia nzima wanamjua kwa jina la mji wao, Agama mwanzae. Chini kwenye majani kuna swala pala na pundamilia, pwani kuna kenge, na aliye na bahati na macho makali huona fisi maji akizama na kuibuka penye mawe ya upande wa ziwa.

Hayo nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu rai ya kwanza na iliyo kubwa kuliko zote, rai ya kwamba Saanane hakuna kitu, aghalabu hutolewa na watu waliofika saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakapiga picha mbele ya ziwa, wakala, wakarudi. Mnyama yeyote mwenye akili timamu saa hizo amelala. Lakini si haki kuwalaumu wageni peke yao. Mtu asiyeambiwa aangalie nini hataona kitu, na kisiwa kidogo chenye viumbe wadogo chahitaji mwelezaji hodari kuliko Serengeti, ambako simba hujieleza mwenyewe. Kama ningeulizwa fedha za kwanza zitumiwe katika nini, ningejibu kwamba zitumiwe katika vijana wa kuongoza wageni, wenye kuijua hadithi ya Mzee Saanane, ya pimbi na ya mjusi, na wenye kuisimulia kwa Kiswahili kitamu na kwa Kisukuma pale anapotokea bibi wa Misungwi aliyeletwa na wanawe.

Ama kundi la pili, wale watakao michezo, hoja yao isipuuzwe kwa kuitwa ya kitoto, kwani wanaowasemea ni watoto kweli. Mwanza, yaani wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, ilihesabiwa katika sensa ya mwaka wa 2022 kuwa na zaidi ya watu milioni 1.1, na kwa umati huo mahali pa mtoto pa kuchezea ni pachache mno. Viwanja vya mitaa vimejengwa. Miamba ya milimani imejaa nyumba hadi vileleni. Na fukwe za ziwa, zile zilizo safi, nyingi ziko mikononi mwa hoteli, ambako mzazi hulazimika kununua soda za bei ya juu ili mtoto apate haki ya kugusa mchanga. Hata hapo mchangani hawezi kumwachia aingie majini kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa kichocho kimo katika kingo nyingi za ziwa hili, na mamba hawajaisha. Kule Dar es Salaam wenzao wana Kunduchi Wet 'n' Wild, ambako watoto huteleza kutoka juu ya minara hadi ndani ya madimbwi ya maji safi. Watoto wa Kirumba na Igoma wana nini? Basi wazazi wakitazama ng'ambo wakaona kisiwa kizima cha serikali chenye vivuli, hawana kosa kufikiri kwamba huko ndiko pangewekwa bembea.

Kundi la tatu ni la wale wapendao kimya, na ndani yake wamo wageni wa kutoka nje, wapenda ndege, wachumba, na watu wazima waliochoshwa na honi za bodaboda. Hao husema, na mimi naafikiana nao kwa sehemu kubwa, kwamba thamani ya Saanane ni kuwa mbele kabisa ya mji bila ya kuwa mji. Ukikaa juu ya mwamba wa upande wa mashariki unaiona Mwanza yote, meli bandarini, mabati yanayong'aa juu ya vilima, na moshi wa asubuhi, lakini husikii ila mawimbi na upepo wa ziwa. Na maji yanayokizunguka kisiwa, kwa kuwa nyavu haziruhusiwi, ni mazalia ya sato na furu na samaki wengine ambao hukulia hapo kisha wakatoka kwenda kuvuliwa mahali pengine. Mvuvi anayenung'unika kwamba amezuiwa kutupa wavu pale hula faida ya katazo lile bila ya kujua.

Kuna na suala la kiingilio, ambalo sitalikalia sana. Raia hulipa kwa shilingi na kwa kadiri ndogo kuliko mgeni wa nje, ambaye hutozwa kwa dola; na mgeni huyo, akilinganisha alichokiona Saanane na alichokiona Tarangire, mara nyingi huhisi kwamba amelipia kisiwa kimoja bei ya nchi nzima. Hoja yake ina uzito, ila haiwahusu sana wasomaji wetu, ambao mzigo wao ni idadi ya watoto kuliko kiwango cha ada.

Sasa tuje kwenye matunzo yenyewe, jambo ambalo watu wote hulisema na wachache hulifikiri. Kutunza kisiwa si sawa na kutunza bustani iliyo nchi kavu, kwa kuwa kila kitu, tangu saruji hadi dawa ya mnyama, huvuka kwa chombo, na kila kilichochakaa huvuka kurudi au hubaki pale pale kuwa takataka. Adui wa kwanza ni ziwa lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba ziwa ni kitu kilichotulia mahali pake, lakini wazee wakumbuka kwamba baina ya mwaka wa 1961 na 1964 mvua kubwa ziliinua kina cha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2; yaani bustani ya Saanane ilianzishwa katika mwaka ule ule ambao ziwa lilifika juu kuliko lilivyowahi kupimwa hadi wakati huo. Baadaye maji yakashuka, watu wakasahau, wakajenga vibanda na gati na mabanda ya kuhifadhia boti pale ambapo ziwa lilikuwa limepaacha kwa muda tu. Katika mwezi wa Mei 2020 maji yakairudia alama ya 1964 na kuipita kidogo, na katika Mei ya 2024 yakapanda juu zaidi. Pande zote za ziwa, tangu Mwanza hadi Kisumu na Entebbe, kuta zikaingiliwa, njia za pwani zikazama, na wenye mahoteli wakahamisha vitanda. Yeyote atakayeweka mpango wa Saanane bila ya kuziandika alama hizo tatu katika ukurasa wa kwanza atajenga kwa ajili ya samaki.

Adui wa pili ni magugu maji, yale majani mazuri yenye ua la zambarau yaliyoliingia ziwa letu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo husafiri kwa upepo, leo yako Kirumba, kesho yameziba ghuba nyingine. Yakijikusanya gatini, boti haipiti, na chini yake hukaa konokono wa kichocho na wakati mwingine nyoka. Adui wa tatu ni sisi wenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na tofauti yake inaonekana, lakini chupa hazikupigwa marufuku, na chupa tupu ina tabia ya kuelea kutoka mtaroni mwa mji hadi kwenye mawe ya kisiwa bila ya kulipa kiingilio. Wapo pia wageni ambao humtupia tumbili ndizi ili acheke mtoto. Tumbili aliyezoea ndizi ya mkononi, siku asipopewa huinyang'anya, na siku akinyang'anywa yeye huuma. Kisha watu wakaandika kwamba hifadhi ina wanyama wakali.

Na kuna jambo la chombo cha kuvukia, ambalo kwa watu wa Mwanza haliwezi kuwa jambo dogo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na bandari yetu ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara na kuua watu 228. Ni familia chache za kando ya ziwa zisizokuwa na jamaa au jirani katika hesabu hizo. Kwa hiyo mama anapomshika mtoto wake mkono asimruhusu kupanda boti mpaka amevalishwa jaketi la kujiokolea, tena lenye kumkaa mwili wake na si la mtu mzima linalomwanguka mabegani, asionekane kuwa mwoga. Hakuna kipimo cha matunzo kilicho wazi kuliko hicho: majaketi ya watoto yapo ya kutosha, yana vifungo vyote, na nahodha haondoi chombo kabla ya kila mtu kuvaa. Pambo lolote la kisiwani halitakuwa na maana kwa mtu ambaye safari ya kuvuka ilimtia hofu.

Jirani zetu wa ziwa hili wamekwisha kuyapitia haya, na yafaa tuwatazame. Entebbe walianza katika mwaka wa 1952 kwa kuwalea wanyama yatima na waliojeruhiwa, mahali pakawa bustani ya kawaida yenye vizimba, pakapitia misukosuko iliyoipata Uganda yote, kisha katika mwaka wa 1994 pakageuzwa kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori; na jambo walilolifanya la busara ni kwamba walitangaza waziwazi kazi ya mahali ni nini, hata mtoto wa shule anayekwenda pale ajua kwamba anakwenda kusoma habari za mnyama aliyeokolewa, na mnyama mwenyewe ana historia yake ya kusimuliwa. Kisumu nao walitenga mwaka wa 1992 kipande kidogo cha pwani kwa ajili ya kundi la swala pala lililobaki huku mji ukiwazunguka, wakaweka njia za kutembea na mahali pa kulia chakula, na watu wa mji wakapazoea pakawa pao. Entebbe na Kisumu ziko nchi kavu; sisi tuna kisiwa, na kisiwa kina faida moja isiyonunuliwa, kwamba maji yamekwisha kukijengea ua.

Wasafiri wetu waliofika Ulaya na Marekani hupenda kutusimulia habari za Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka wa 1843 na ingali inajaza watu, au za Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka wa 1955, kisha humalizia kwa kusema kwamba sisi nasi tungekuwa mbali kama tungekuwa na mitambo ile. Mimi huwauliza swali moja: je, mlipokuwa kule mliona takataka chini? Hujibu kwamba hapana. Walt Disney alishikilia tangu siku za mwanzo kwamba njia zifagiliwe mchana kutwa mbele ya wageni, na rangi zipakwe upya kabla hazijachujuka. Mtambo ni fedha ya siku moja, lakini mfagio ni fedha ya kila siku, na hiyo ya kila siku ndiyo inayotushinda. Tumezoea katika nchi zetu kufungua jengo kwa ngoma na utepe na kuliacha lijitunze.

Rai yangu, baada ya kuzisikia za wenzangu, ni hii. Michezo ya watoto ijengwe, tena ijengwe vizuri, lakini ijengwe ng'ambo ya huku, katika nchi kavu, jirani na mahali pa kupandia boti au penginepo katika pwani za Ilemela, chini ya mamlaka ya jiji na manispaa ambazo kazi yake ni watu. Mtoto acheze bembea akisubiri zamu yake ya kuvuka, na baba asiye na nauli ya wote apate walau mahali pa kuwaketisha bila ya kununua soda. Kisiwa chenyewe kisitiwe muziki, wala kisirudishiwe wanyama wa vizimbani kwa ajili ya kuwaridhisha wanaotaka kumwona simba. Simba wa Serengeti hawako mbali, na barabara ya Ndabaka haijafungwa. Kisiwani viwekwe vivuli, viti, maji ya kunywa, vyoo visivyomfanya mama akatishe matembezi, njia yenye kishikilio kwa wazee wanaopenda kupanda jabalini na magoti yamekataa, na vibao vya Kiswahili vyenye kueleza kinachoonekana. Hayo yote kwa pamoja hayafiki gharama ya gurudumu moja kubwa la kuzungusha watu hewani.

Jambo hili lina haraka kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lililopewa jina la Hayati John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kama kilomita 3, na tangu hapo safari ya kutoka Sengerema na Geita, ambayo zamani ilimfanya mtu akeshe akingoja kivuko, imekuwa ya dakika chache tu juu ya maji. Familia za huko, ambazo zilikuwa haziwazi kuja Mwanza kwa matembezi ya siku moja, sasa zinawaza, na reli mpya nayo inasogea kutoka upande wa Isaka. Watu hawa watakuja sikukuu, wataiona ng'ambo, watataka kuvuka. Na kisiwa kisichofika kilomita moja ya mraba hakiwezi kuwapokea wote kwa siku moja bila ya kukanyagwa kikaisha. Itafaa tangu sasa pawekwe ukomo wa watu kwa siku, wenye kuandikwa gatini na kuheshimiwa hata anapokuja mkubwa na msafara wake.

Kwa wale wenye dhamana ya kisiwa, naomba daftari la wageni, ambalo watu huandika jina na nchi na neno moja la sifa, liongezwe safu ya malalamiko, na kila mwisho wa mwaka wananchi waambiwe ni malalamiko gani yaliyotengenezwa na ni gani yaliyosalia na kwa nini. Nawe msomaji, ukivuka Jumapili ijayo, nenda asubuhi, usimpe tumbili kitu, rudi na chupa yako, na kama umeona ubao umeoza au jaketi limekatika kifungo, mwambie mhifadhi pale pale kabla hujapanda boti ya kurudi.